Sura ya Tano: Shaba Iliyobaki Midomoni

Kwenye Paaka Enkadde, kituo kikongwe cha teksi katikati ya Kampala, kondakta hana muda wa maneno mengi. Gari likishajaa, anageuka, ananyoosha kiganja na kusema neno moja tu: "Ssente." Mwenye adabu zaidi huongeza "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke. Noti zinapita mkono kwa mkono kutoka viti vya nyuma, na chenji inarudi kwa njia ileile: sarafu ya 500 yenye korongo taji, ya 200 yenye samaki, ya 100 yenye ng'ombe wa pembe ndefu. Ndani ya gari zima hakuna senti hata moja. Ziliacha kununua chochote zamani, na abiria vijana hawajawahi kuzishika. Lakini jina lake linaitwa kutwa nzima, kutoka Nakawa hadi Nateete.

Luganda ina neno la zamani zaidi, ensimbi, yaani kauri, zile simbi za baharini zilizopanda bara kwa mikono ya wafanyabiashara, zikatobolewa na kutungwa kwenye nyuzi ili zihesabike. Ensimbi bado ipo, na mtu akizungumzia mali au bajeti huipendelea. Mtaani, hata hivyo, ni ssente. Hilo si jambo dogo. Watu walipopewa pesa za aina nyingi kwa muda mfupi, rupia, florini, shilingi na noti zenye picha za wafalme, walichagua kuita pesa zote kwa jina la ile ndogo kuliko zote.

Kiswahili kimefanya vivyo hivyo, tena mara mbili. "Pesa" ni paisa ya Wahindi, kipande cha shaba; vilihitajika 64 kutimiza rupia moja. "Hela" ni Heller ya Wajerumani, iliyoanza kupigwa kwa ajili ya Afrika Mashariki yao mwaka 1904. 100 zilifanya rupia, na zile ndogo zake zilikuwa za shaba iliyotiwa bati kidogo. Kuna "fedha", ambayo ni madini meupe, na msomaji ataona ilikokwenda: ikapanda ofisini, ikawa Wizara ya Fedha na taarifa ya fedha. Sokoni mtu hukosa hela, hudai pesa. Dhahabu haikuacha neno lolote katika kundi hili. Ilipita mikononi mwa wachache, ikaingia ardhini, na leo iko kwenye kabati za vioo. Shaba ilibaki midomoni.

Sura hii inafuata shaba hiyo kurudi nyuma, mpaka kwenye dola la kwanza la Afrika kusini mwa Sahara kupiga sarafu zake lenyewe, kwa sababu kule ndiko swali lake linakoonekana waziwazi: mtawala akishika kipande cha chuma cha bei rahisi ambacho kitafika mkononi kwa muuza chumvi na mchunga punda, anaandika nini juu yake?

Dola hilo lilikuwa Aksum. Mji wake mkuu ulikaa kwenye nyanda za juu za Tigray, kaskazini mwa Uhabeshi wa leo, na bandari yake, Adulis, kwenye pwani ya Eritrea. Pembe za ndovu zilishukia Adulis, na vitambaa, divai na vyombo vya kioo vikapanda. Katika karne ya 3 Mani, yule mwalimu wa dini wa Uajemi, aliitaja Aksum pamoja na Roma na Uajemi miongoni mwa falme kuu za dunia. Mwishoni mwa karne hiyohiyo mfalme Endubis akafanya jambo lililothibitisha sifa hiyo: akapiga sarafu za dhahabu na za fedha kwa jina lake. Kupiga dhahabu siku zile kulikuwa tamko la kisiasa. Ni watawala wachache sana duniani waliothubutu.

Dhahabu ya Aksum ilijua inakokwenda. Uzito wake ulifuata mizani ya Roma, na maandishi yake karibu wakati wote yalikuwa Kigiriki, lugha ya wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu. Picha ya mfalme ilizungukwa na masuke mawili ya nafaka, na mara nyingi alichorwa mara mbili: upande mmoja amevaa taji, upande wa pili amefunga kitambaa kichwani. Sarafu hizi zilivuka bahari. Huko al-Madhariba, magharibi ya Aden, ilifukuliwa akiba ya vipande 1,194 vya dhahabu. 868 vilikuwa vya Aksum, na vilivyobaki vilikuwa vya Roma. Mfalme aliyepiga dhahabu ile alikuwa akizungumza na wafalme wenzake.

Shaba ilibaki nyumbani zaidi, na hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo.

Chukua sarafu moja ya shaba ya karne ya 4, zama za mfalme Ezana au mara baada yake. Ni ndogo, haizidi kifungo cha shati. Karne nyingi za udongo zimeifanya kijani kingoni na kahawia katikati. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme kikitazama kando. Jina lake halipo. Kuna neno la Kigiriki tu, "mfalme". Geuza upande wa pili: katikati umekaa msalaba, na kuuzunguka, herufi zimebanana kwa sababu nafasi haitoshi, kuna maneno manne ya Kigiriki. Maana yake ni: na hili liipendeze nchi.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Ezana ndiye mfalme aliyebadili dini ya dola. Sarafu zake za awali zina mwezi mchanga na duara, alama za imani ya zamani. Za baadaye zina msalaba, na kwa hiyo Aksum ni miongoni mwa dola za mwanzo kabisa duniani kuuweka msalaba kwenye sarafu. Mabadiliko makubwa kama hayo huwatisha watu. Mfalme alikuwa na njia nyingi za kuyatangaza, na alizitumia. Alichonga mawe kwa lugha tatu, akijitaja kwa vyeo vyake na vita alivyoshinda. Kwenye jiwe anajivuna. Kwenye shaba, ambayo ingeshikwa na kila mtu, sauti ni nyingine. Anayesema ni mtu anayeomba jambo lake lipokelewe. Maneno hayo yalirudiwa na wafalme waliofuata, kwa vizazi kadhaa, na yakafika mpaka kwenye vibanda vya soko ambako hakuna balozi wa Roma aliyewahi kukanyaga.

Kulikuwa na tatizo moja dhahiri. Muuza chumvi wa Tigray hasomi Kigiriki. Aksum ilikuwa na lugha yake, Ge'ez, na hati yake, ile ambayo lugha ndugu zake, Kiamhari na Kitigrinya, bado zinaandikwa nayo leo. Mfalme Wazeba, mwanzoni mwa karne ya 4, alikuwa wa kwanza kuiweka Ge'ez kwenye sarafu, kisha warithi wake wakarudi kwenye Kigiriki. Ulikuwa mvutano wa muda mrefu, na shaba ndiyo iliyoushinda. Kigiriki cha sarafu kilizidi kuharibika, herufi zikapotoka kama za mtu anayenakili asichokielewa, huku Ge'ez ikijaa kwenye vipande vidogo. Katika karne ya 5 mfalme ambaye jina lake limeandikwa kwa konsonanti tupu, MHDYS, alipiga shaba yenye tamko kwamba kwa msalaba huu atashinda. Ni maneno yaleyale ambayo masimulizi ya Kikristo yanayahusisha na Konstantino na vita vyake vya mwaka 312 nje ya Roma. Tofauti ni kwamba sasa yalisemwa kwa lugha ya Kiafrika, juu ya sarafu ya kununulia nafaka.

Halafu kuna dhahabu ndani ya shaba. Mafundi wa Aksum walibuni jambo ambalo hakuna karakana nyingine ya zama zile iliyolifanya kama wao: walichukua sarafu ya shaba, kitu cha bei ya chini, wakaiwekea dhahabu sehemu moja tu. Kwenye sarafu za mfalme Ouazebas, dhahabu imejazwa nyuma ya kichwa chake, kama nuru. Kwenye nyingine imejazwa katikati ya msalaba. Ukiinamisha sarafu kwenye mwanga, shaba inabaki kimya na kitone kile kinawaka. Fikiria kazi hiyo: fundi ameinama juu ya kipande kidogo kuliko kucha ya kidole gumba, anatia dhahabu kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa ajili ya pesa ambayo mtu ataifunga kwenye pindo la nguo na kuitoa kwa kikapu cha dengu. Hakuna hesabu ya faida inayoeleza vizuri kazi ile. Watawala hawa walitaka kitu kidogo kiwe na heshima.

Sarafu za shaba za Aksum zimeokotwa pia Misri na Palestina, hata Jerusalem. Dhahabu husafiri kwa biashara, lakini nani anabeba shaba kuvuka jangwa? Wasomi huwataja mahujaji. Mtu anatoka nyanda za juu kwenda kuzuru mji mtakatifu, na chini ya mfuko kuna chenji ya nyumbani ambayo haikununua kitu ugenini. Msafiri yeyote wa Kampala aliyewahi kurudi kutoka Nairobi na shilingi za Kenya mfukoni anaielewa picha hiyo.

Mfalme wa mwisho kupiga sarafu, au mmoja wa wa mwisho, aliitwa Armah. Ni mwanzoni mwa karne ya 7. Kwenye shaba yake hayupo kichwa peke yake tena. Amechorwa mzima, ameketi kwenye kiti cha enzi, ameshika fimbo ndefu yenye msalaba. Maandishi ya upande wa pili ni ya Ge'ez, na yanawatakia watu furaha.

Waislamu wa Kampala wanazijua zama hizo kwa jina jingine. Mnamo mwaka 615 kundi la wafuasi wa Mtume Muhammad, wakikimbia mateso ya Makka, walivuka bahari na kupewa hifadhi na mfalme wa Uhabeshi, Najashi, ambaye mapokeo ya Kiarabu yanamwita As-hama. Kisa hicho husimuliwa madrasa, na hakuna shaka kwamba kimewahi kusikika chini ya kuba za Msikiti wa Taifa wa Uganda, pale juu ya kilima cha Old Kampala. Wapo wanahistoria wanaomhusisha Najashi na Armah wa sarafu. Aliyewapokea wageni alikuwa mfalme wa Aksum, na pesa ndogo ya nchi yake katika miaka ileile iliwatakia watu furaha. Wakimbizi wale, walipokwenda kununua chakula chao cha kwanza sokoni, huenda walipokea chenji yenye msalaba.

Baada ya hapo sarafu zikakoma. Njia za Bahari ya Shamu zilibadilika, Adulis ikafifia, dola likajikunja milimani. Kwa zaidi ya miaka 1,000 Uhabeshi haukupiga sarafu. Watu walitumia mapande ya chumvi na vitambaa, na baadaye reale za Maria Theresa, mpaka Menelik wa Pili alipoanza kupiga za kwake katika miaka ya 1890.

Shaba ilirudi kusini zaidi, kwa Waswahili wenyewe. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa karne kadhaa, na ukizisoma unaona kwamba walilijibu lile swali la Aksum kwa namna yao: kwa vina. Upande mmoja kuna jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan. Upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na mwisho wake unalingana kwa sauti na mwisho wa jina. Ni ubeti mfupi unaosomwa kwa kugeuza kiganja. Mwaka haukuandikwa. Dhahabu ya Kilwa inayojulikana ni vipande vitatu tu, vya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Shaba ni maelfu. Katika kisiwa jirani cha Songo Mnara wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta akiba ya vipande zaidi ya 300 chini ya nyumba. Kimoja cha sultani huyohuyo kilifika Great Zimbabwe. Vitano viliokotwa mwaka 1944 kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mwanajeshi aliyekuwa akihudumu kwenye mitambo ya rada.

Buganda haikufikiwa na sarafu hizo. Shaba iliyopanda hadi kwenye ziwa ilikuja kama waya, na watu wakaufanya vikuku na njuga za miguuni. Pesa ilikuwa kauri. Kwa hiyo shaba yenye maandishi ilipofika Kampala, ilikuja na watu wenye haraka.

Tarehe 18 Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard aliingia Mengo, mji wa Kabaka Mwanga, na kupiga kambi kwenye kilima kile cha Old Kampala. Hakuwa mtumishi wa serikali. Aliajiriwa na kampuni, Imperial British East Africa Company, na kampuni hiyo ilikuwa tayari na shaba yake: pesa iliyopigwa mwaka 1888 kwa jina la Mombasa, yenye jua na kaulimbiu yake ya Kiingereza, "Nuru na Uhuru". Miaka michache kabla yake Sayyid Barghash wa Unguja alikuwa ametoa pesa ya shaba ya mwaka 1299 wa Hijria, na juu yake akaweka mizani, chombo ambacho kila mnunuzi sokoni anakiangalia kwa jicho kali. Mizani ya Barghash ni ahadi ambayo mtu asiyejua kusoma anaweza kuidai. Jua la kampuni lilitangaza uhuru kwa lugha ambayo karibu hakuna mnunuzi aliyeijua, na siku nane baada ya Lugard kufika, Mwanga akawekewa mkataba mbele aweke saini.

Pesa za wakoloni zilifuata hatua kwa hatua, na kauri zikaondolewa. Mwaka 1907 serikali ilijaribu senti ya alumini, yenye jina la Afrika Mashariki na Uganda pamoja, miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini duniani. Hali ya unyevu ikaila, ikabidi ibadilishwe. Kisha Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kukaa London, ikaleta shilingi mwaka 1921, na pamoja nayo senti za shaba iliyotiwa bati: senti 1, senti 5, senti 10.

Hizi ndizo ssente. Ile ya 10 ni pana na nzito, inajaza katikati ya kiganja, na katikati yake kuna tundu linalopitisha uzi, jambo lililowafaa watu waliozoea kuzitunga kauri na ambao nguo zao hazikuwa na mifuko. Pembe mbili za ndovu zinalikumbatia tundu. Upande wa pili kuna taji na jina la mfalme kwa Kilatini, likizunguka ukingo. Uso wake haumo. Ulikuwa kwenye shilingi, sarafu yenye fedha ndani yake, pamoja na simba na milima. Shaba ilipewa tundu mahali ambapo kichwa kingekaa. Aksum, kwa shaba yake, ilitoa uso wa mfalme, kitone cha dhahabu, neno la kuomba radhi ya nchi, na baadaye lugha ya nchi yenyewe. London ilitoa thamani, tarehe na Kilatini. Hata hivyo ni sarafu hii iliyolipa chumvi, kiberiti na kuni, iliyozungushwa kiunoni na kuachwa kwenye sahani ya sadaka, na watu wakaipa zawadi ambayo Endubis hakuipata kwa dhahabu yake yote: waliifanya kuwa jina la pesa.

Benki Kuu ya Uganda ilianzishwa mwaka 1966, na sarafu zake za kwanza zilikuwa na senti 5, 10 na 20 za shaba. Tundu likazibwa. Miaka 20 baadaye mfumuko wa bei ulikuwa umezila, na katika mageuzi ya 1987 sifuri mbili zilikatwa kwenye fedha ya nchi. Shilingi 1 na shilingi 2 mpya zilikuwa chuma kilichopakwa shaba kwa juu. Nazo hazikudumu mikononi, bei zikazipita.

Inayobaki sasa ni ile chenji ya teksi. Geuza ya 100, upande usio na ng'ombe. Pana nembo ya taifa: ngao, ngoma, mikuki, kobu upande mmoja na korongo taji upande mwingine, na chini kabisa utepe wenye kaulimbiu ya nchi, kwa Mungu na nchi yangu. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kiasi kwamba abiria wa kiti cha nyuma, gari likiruka mashimo ya kuelekea Ndeeba, anazihisi kama mkwaruzo tu chini ya kidole gumba. Analipa, anashuka. Kondakta anagonga bati la gari na kumgeukia aliyeketi nyuma yake, kiganja wazi.